Bafta ya Shangazi

Nilirudi Sumbawanga Jumatano jioni na marobota mawili ya vitambaa kutoka Mbeya, na kabla sijavua viatu nikaona jora langu la bafta limepungua. Fundi cherehani hasahau jora lake. Niliacha mita 12 nyuma ya mlango, nikakuta 9, na ukingo umekatwa kwa kisu, si kwa mkasi. Katika nyumba ya Kiislamu, bafta ikikatwa mwenyewe akiwa safarini, moyo hauwazi kingine ila sanda. Shangazi alikuwa amekaa mkekani anachambua maharage. Hata salamu sikuimaliza.

"Shangazi, kafa nani?"

"Hajafa mtu, mwanangu. Kaa kwanza, unywe maji."

Nikakaa, nikanywa maji. Ndipo akaniambia kwamba amezika vitabu vya kaka yake, yaani vya baba yangu, chini ya mparachichi nyuma ya nyumba.

Baba alikuwa mwalimu wa madrasa Kirando, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako Waswahili na Waarabu waliweka makazi tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Vitabu vyake vilimjia kwa maji, kutoka Ujiji, ndani ya Liemba, meli ile ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isije ikachukuliwa na adui, Waingereza wakaiopoa 1924 na kuirudisha kazini 1927. Alipofariki, kaka zangu waligawana mitumbwi na nyavu. Mimi niliomba kasha. Hakuna aliyenibishia, kasha la karatasi kuukuu halivui migebuka.

Ndani mlikuwa na nakala tatu za Safina, kile kijitabu cha fikihi ambacho watoto wa pwani na wa bara wamekianzia masomo kwa vizazi. Mlikuwa na Minhaj ya Imam Nawawi iliyopigwa chapa Kairo. Na chini kabisa, bila jalada, nyuzi zikiwa zimelegea, mlikuwa na juzuu moja nene niliyoitazama miaka mingi bila kujua ni kitu gani. Baba alinifundisha kusoma herufi na kiasi cha lugha, hakunimalizia. Nilipoanza kujisomesha tena usiku, baada ya kufunga cherehani, nikafika kwenye ukurasa wa mwisho, pale wapiga chapa wa zamani walipoeleza kazi imekamilika wapi na zama za nani. Palikuwa na jina la Zanjibar. Palikuwa na jina la Sayyid Barghash bin Said.

Usiku ule sikulala. Sayyid Barghash alitawala Zanzibar tangu 1870 hadi alipofariki 1888. Watu wanamkumbuka kwa Beit al-Ajaib aliyoijenga 1883 na kwa maji ya bomba aliyoyaleta mjini. Wachache wanakumbuka kwamba alileta pia mtambo wa chapa za Kiarabu, na mnamo mwaka 1297 wa Hijria, ambao ni 1879 kuingia 1880, ukaanza kutoa Qamus al-Sharia ya Sheikh Jumayyil bin Khamis al-Saadi. Hiyo ni bahari ya sheria ya Kiibadhi, juzuu 90, na iliyopata kupigwa chapa pale Unguja ni sehemu yake tu. Kutoka mtambo huohuo ilitoka tafsiri ya Kurani ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, aliyekuwa akiandika huko Mzab, kwenye jangwa la Algeria. Mwanachuoni wa Sahara kitabu chake kinapigwa chapa kisiwani kwetu! Mimi naliona hilo ni jambo kubwa kuliko karafuu zote za Unguja na Pemba, na sijui kwa nini halisimuliwi.

Sisi ni Washafii, na juzuu ile ni ya madhehebu ya Waibadhi. Baba aliitunza vilevile. Nikaanza kutafuta nyingine. Kila abiria wa Kasanga, wa Kipili, wa Ujiji aliyepita dukani kwangu nilimuuliza kama kwao kuna karatasi za wazee. Sikupata juzuu ya pili ya Unguja, lakini nilipata mengine: fikihi za chapa ya mawe kutoka Bombay, nusu ya sherehe ya Minhaj iliyokuwa ikifungia kahawa, na nakala nzima ya sherehe hiyo ambayo nililipia kanzu mbili za kushona kwa mkono. Mume wangu, dereva wa lori la mahindi, alisema neno moja tu kuhusu habari hii katika miaka yote: "Usiweke karibu na ukuta." Alisema kwa sababu nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, na udongo wa Ufipa una mchwa wake.

Kasha lilikaa katikati ya chumba, juu ya matofali manne. Mwezi wa kumi na moja shangazi alipokuja kutoka Kirando kutibiwa goti, tuliingiza kitanda chake humo, nami nikalisukuma kasha ukutani kwa mikono yangu.

Mchwa hawana haraka wala kelele. Wanapanda ndani ya ukuta, wanajenga kibarabara chao cha udongo chembamba kama kamba ya kiatu, wanatoboa ubao kwa chini, na juu kila kitu kinabaki kama kilivyo. Jumatatu, mvua ikinyesha, shangazi alifungua kasha akitafuta Yasini ya kusoma. Akainua Safina, ikamegeka mkononi. Akainua ya pili, ikamwagika. "Nikaliona jina la Mwenyezi Mungu limo kwenye tope la mchwa," akaniambia, na sauti yake ilikatika palepale, siku mbili baadaye, kana kwamba ndiyo kwanza analiona. "Mwanangu, ningefanya nini?"

Alifanya yote yanayotakiwa. Alitawadha. Alikata bafta mita tatu, akaipasua vipande vitatu, akavikunja vitabu mafungu matatu. Alimwamuru mwanangu achimbe upande wa juu wa uwanja, mbali na choo, mahali miguu haipiti. Alitandika kiroba cha mbolea kilichooshwa ili maandishi yasiguse udongo tena, akasoma Fatiha, akafukia, akaweka mawe. Karatasi yenye maneno matukufu ikichakaa haitupwi jalalani. Inazikwa, au inachomwa kwa heshima, au inaoshwa wino ukatoka. Niliyajua hayo tangu nina miaka saba. Ndiyo maana sikuweza hata kukasirika, na kukosa pa kuiweka hasira kuliniuma kuliko hasira yenyewe.

Nilitoka nje nikasimama mbele ya yale mawe. Nikamkumbuka padre.

Alikuwa padre mstaafu aliyeniletea kanzu zake nimbadilishie kola. Siku moja alikuta Minhaj imefunguka juu ya meza, akasimama kimya akiitazama bila kuigusa. Matini katikati, sherehe imeizunguka pambizoni, na maelezo ya sherehe chini yake. Akasema, "Mama, ukurasa kama huu nimeuona kwa Kiebrania." Seminari alikuwa amesomeshwa lugha hiyo. Akaniambia habari za Daniel Bomberg, Mkristo wa Antwerp aliyefungua kiwanda cha chapa Venice, na kati ya 1520 na 1523 akatoa Talmudi nzima: maneno ya wazee katikati, sherehe ya Rashi upande wa ndani, za wanafunzi wa baadaye upande wa nje. Hadi leo Myahudi anayetaja ukurasa wa Talmudi anataja hesabu ya kurasa za Bomberg. Kabla yake, mwaka 1475, katika mji mdogo wa Piove di Sacco huko Italia, Meshullam Cusi alikuwa amepiga chapa Safu Nne za Yaakov bin Asher, mpangilio mzima wa sheria za Kiyahudi. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya Kiebrania vilivyotoka mtamboni vikiwa na tarehe. Mwaka 1565 ikatoka Venice ile sheria ya Yosef Karo iliyofuata mpangilio uleule.

Nilimuuliza sheria hiyo inaanza na nini.

"Na mtu kuamka kitandani asubuhi," akasema.

Minhaj inaanza na maji. Twahara, maji gani yanatakasa na yapi hayatakasi. Nilifurahi sana siku ile, sijui hata kama padre alielewa kwa nini. Watu hudhani kitabu cha sheria ni cha kadhi na mahakama, kumbe kinaanza chumbani na kisimani, kinamkuta mtu na mtungi wake na watoto wake, kabla hajamdai wala kudaiwa na yeyote.

Aliniambia pia kwa nini vitabu vile ni adimu, hata wenye fedha Ulaya na Marekani wanavigombea nakala mojamoja. Sababu ya kwanza ni moto. Septemba 1553 Talmudi zilikusanywa nyumba kwa nyumba mjini Rome zikachomwa kwenye uwanja wa Campo de' Fiori, na miji mingine ya Italia ikafuata. Sababu ya pili ni upendo. Kitabu cha sheria hakikai kabatini. Wanafunzi wanakifungua kila siku hadi kinafumuka, na kikifumuka, Wayahudi nao hawatupi. Wanaweka karatasi kwenye chumba cha sinagogi kiitwacho geniza, kisha wanazika. Mjini Kairo, kwenye sinagogi la Ben Ezra, walijaza kwa karne nyingi bila kuzika, mpaka Solomon Schechter alipokwenda 1896 na 1897 akachukua vipande karibu 200,000 kwenda Cambridge. Humo zilikutwa hata rasimu za sheria kwa mwandiko wa Musa bin Maimun mwenyewe, aliyefariki 1204. Na akanitajia Wayahudi wa karibu yetu, wafuasi wa Semei Kakungulu kule Mbale, Uganda, walioianza njia hiyo 1919, na kitabu cha Kiganda cha sala na kanuni alichowatolea 1922. Hicho natamani nikione kabla sijafa.

Basi shangazi, asiyejua hata Kairo iko upande gani, alikuwa ametengeneza geniza yake chini ya mparachichi wa Sumbawanga.

Mvua ikarudi usiku. Wanaoishi chini ya bati wanajua mvua ya Ufipa inavyosema. Kila ilipoongezeka nililiona lile shimo. Mume wangu aliingia saa tatu akiwa ametoka Laela, akakuta hakuna aliyekula. Nikamweleza. Nikasema alfajiri nafukua.

"Kilichozikwa hakifukuliwi," shangazi akasema. Hakupandisha sauti. Ni dada wa baba yangu; akisema, mimi sina la kujibu.

Mume wangu akanawa mikono polepole. "Shangazi," akasema, "na kilichozikwa kikiwa hai?"

Shangazi hakujibu. Tukamtuma kijana kwa bodaboda akamwita mwalimu wa madrasa wa Majengo. Alifika na mwavuli, kanzu imelowa hadi magotini, akasikiliza pande zote mbili hadi mwisho. Kisha akauliza mawili. La kwanza, yale maandishi yalikuwa yanasomeka au hayasomeki? Shangazi akasema kwa ukweli wake kwamba Safina hazikusomeka, na mengine hakuyafunua, alihofia yatamegeka. La pili, vitabu ni vya nani?

Nikasema, "Vyangu. Nimerithi kwa baba."

"Kile kinene si chako," shangazi akasema.

Nilijua anachotaka kusema, na nilikuwa nimeishi miaka mingi nikikwepa kukijua. Juu ya ukurasa wa kwanza wa ile juzuu ya Unguja, kwa wino wa mkono uliopauka, imeandikwa kwamba kitabu ni wakfu: hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi, ni cha wanaosoma. Mimi nilikuwa nimekiweka sandukuni kama dhahabu. Nilikuwa nikikifungua peke yangu, mlango umefungwa.

Mwalimu akatutazama wote wawili. Akasema kitabu kilichowekwa wakfu kwa wasomaji, maadamu kuna ukurasa unaosomeka, kina haki ya kusomwa, na haki hiyo haiishi kwa kufungiwa wala kwa kufukiwa. Akasema kitakachokutwa hakisomeki kibaki alikokiweka shangazi, kwa kuwa alikiweka vizuri. Akaomba chai.

Alfajiri tulifukua kwa mikono. Mwanangu alikataa jembe, akatumia bakuli na vidole. Fungu la Safina lilikuwa limekuwa uji. Minhaj ilikuwa imeliwa jalada na pembe, katikati salama. Juzuu ya Unguja ilikuwa imeliwa uti wa mgongo wote, kurasa zimegandana kwa tope la mchwa, lakini kile kiroba cha mbolea kilikuwa kimezuia maji ya chini, na bafta iliyokunjwa mara nne ilikuwa imekunywa ya juu. Niseme wazi: angevifukia vitupu, kisingebaki kitu. Bafta ile ndiyo iliyoviokoa.

Nilifunga duka siku tano. Wateja wenye sare za harusi niliwaambia ukweli, na wengi wao walinisubiri. Zile mita tisa zilizobaki nilizikata mwenyewe, safari hii kwa mkasi, vipande vya ukubwa wa ukurasa, nikaviweka kati ya karatasi na karatasi, na kila baada ya saa mbili nikabadilisha vilivyolowa. Mama mkwe, aliyekuja kutoka kijijini Nkasi kusikia kuna nini, alishauri tuvipandishe kwenye dari ya jikoni juu ya moshi, kama wanavyotunza mahindi ya mbegu. Ni elimu ya kweli. Mbegu ile haiguswi na mdudu. Niliuogopa moshi, lakini joto nikalikubali, tukahamishia kazi yote kwenye chumba kilichopakana na jiko. Mwanangu, kwa kutaka kunipunguzia kazi, alitia mkaa kwenye pasi akaipitisha juu ya ukurasa mmoja wa Minhaj, na alama yake ya kahawia itakaa pale siku zote. Alilia. Ana miaka 14, na mikono yake ndiyo iliyokuwa imechimba mara zote mbili.

Kazi ngumu ilikuwa mpangilio. Karatasi zilikuwa zimetoka katika vitabu mbalimbali, nyingi zimepoteza pembe zenye namba. Lakini wapiga chapa wa Kairo, kama waandishi wa mkono waliowatangulia, waliweka chini ya ukurasa lile neno litakaloanza ukurasa unaofuata, na padre alikuwa ameniambia wapiga chapa wa Kiebrania nao walifanya vivyo hivyo. Nilimweleza shangazi. Yeye husoma Kurani kwa ufasaha, ingawa lugha ya sheria haielewi. Alivuta mkeka, akaweka miwani, akachukua karatasi ya kwanza, akasoma neno la chini kwa sauti. Mimi nikatafuta linaloanza nalo. Usiku wa kwanza tulioanisha kurasa 23. Usiku wa pili alianza kulitaja neno hata kabla hajaichukua karatasi, kwa kukumbuka alishaliona wapi. Goti lilimuuma; akalinyoosha juu ya mto akaendelea. Mume wangu alilala akisikia wanawake wawili wakiitana maneno gizani, na asubuhi akaniambia alidhani yuko Kirando, madrasa ya baba.

Juzuu ya Unguja haina chini yake neno la kutuongoza mahali pengi, maana mchwa walianza na chini. Tuliipanga kwa namba zilizobaki na kwa maana, na mwalimu akaja jioni mbili kutusaidia. Ukurasa wa mwisho tuliupata. Umebaki na neno Zanjibar na nusu ya jina la Barghash. Mwaka umeliwa.

Gundi sikutaka, kwa kuwa gundi ya unga ni karamu ya mchwa. Nilishona. Nilitoboa mikunjo kwa sindano ya ngozi nikapitisha uzi wa pamba, kazi ambayo mikono yangu inaijua hata nikifumba macho. Sasa vitabu vimo kwenye sanduku la chuma, juu ya meza, na kila mguu wa meza umesimama ndani ya kopo la oili chafu. Alhamisi usiku mwalimu anakuja na vijana wawili, tunaifungua juzuu, wanasoma. Sifungi mlango.

Shangazi alikaa hadi goti lilipopata nafuu. Siku moja kabla ya kuondoka alikusanya kilichobaki mezani, vumbi, vipande visivyo na herufi kamili, nusu bakuli hivi, akaniomba utepe wa mwisho wa bafta. Akavikunja. Tukaenda naye hadi chini ya mparachichi, akavirudisha kwenye shimo lake pamoja na zile Safina, na safari hii nilishika ncha moja ya kitambaa na yeye akashika nyingine.

Asubuhi nilimpeleka stendi, akapanda gari la Namanyere. Niliporudi dukani nikakuta juu ya cherehani, chini ya sanduku la sindano, noti tatu za shilingi 2,000 zimekunjwa ndani ya kijikaratasi. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kama baba alivyowafundisha wote nyumbani kuandika Kiswahili: bafta, mita tatu, nilichukua bila ruhusa.